Blanketi la viraka: uzi wa pamba au wa poliesta?

Jana mdogo wangu mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Dada, blanketi la viraka nilishone kwa uzi gani, pamba au poliesta?" Swali lake limenitonesha kidonda.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa Uyole alinipa oda ya blanketi la harusi ya binti yake. Vipande 120 vya kitenge, pamba tupu. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya mnaijua: vidole vinakufa ganzi na cherehani linakusubiri. Nilinunua uzi wa poliesta Mwanjelwa, wa bei rahisi, kwa sababu ulikuwa unang'aa na haukatiki hovyo. Nimemaliza kuunganisha, umeme ukakatika. Nikawasha pasi ya mkaa.

Pasi ya mkaa haina kipimo. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi, na hulegea kabla ya hapo. Nilipoinua pasi, uzi ulikuwa umejikunja ukawa vipunje vigumu, maungio yameachia. Nikarudia pale nilipopaona tu, kwa kuwa harusi ilikuwa kesho yake. Siku ya kutunza, wakalikunjua mbele za watu, mshono ukafumuka katikati. Yule mama alisema, "Fundi kanidhulumu." Mpaka leo nikipita Uyole naisikia sauti yake.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Kuunganisha vipande, tumia pamba, maana kila mshono utaupiga pasi ya moto. Kushona tabaka zote tatu pamoja (viraka juu, kijazo katikati, kitambaa chini), mimi natumia poliesta. Blanketi letu linafuliwa kwa mkono, linakamuliwa na watu wawili, linaanikwa juani kutwa. Poliesta hunyumbuka na hainywei. Wapo wanaosema inakata kitenge. La kwangu nalilalia mwaka wa nane, halijakatika. Pamba nayo huacha manyoya, kwa hiyo fagia nyumba ya bobini, pale unapokaa uzi wa chini wa cherehani, kila unapobadilisha bobini.

Na usiamini lebo! Tunapenda kuitwa mafundi lakini tunanunua kwa macho. Mimi natembea na kibiriti. Nakata uzi wa urefu wa kidole, nauchoma palepale nje ya duka: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta hujikunja ikawa kitone kigumu cheusi. Wenye maduka wananuna, lakini silipi kabla sijaona.