Ukiipenda Klabu ya Mji Wako, Kuwa Mwanachama Wake

Wengi wetu hapa Tanga tuna mapenzi mawili: ya Simba au Yanga, tuliyorithi kwa wazazi na redio, na ya Coastal Union, klabu ya soka ya mji wetu, ambayo kwa bahati mbaya huamka pale tu Wagosi wa Kaya, kama tunavyoiita, wanapofanya vizuri. Simshauri mtu aache timu aliyoipenda tangu utotoni, lakini namsihi fedha na muda wake uanzie nyumbani, kwa sababu Simba na Yanga zina mashabiki kila wilaya ya nchi hii, ilhali klabu iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988 inatutegemea sisi kwanza.

Lipa kiingilio hata siku ambayo timu inayotutembelea haina jina kubwa. Uwanja wetu wa Mkwakwani hujaa pale vigogo wa Dar es Salaam wanapokuja, lakini mishahara, kambi na safari ndefu za mikoani hazisubiri siku hiyo.

Baada ya kiingilio, chukua kadi ya uanachama, lipa ada kwa wakati, isome katiba na uhudhurie mkutano mkuu. Omba mapema taarifa ya mapato na matumizi iliyokaguliwa, uisome kabla ya kuingia ukumbini. Katika mikutano niliyohudhuria nimeona kwamba swali la jumla kuhusu "fedha zinakwenda wapi" hujibiwa kwa hotuba, ilhali swali la upole kuhusu kifungu kimoja hujibiwa kwa tarakimu, na kiongozi mwaminifu hufurahi kuulizwa hivyo kwa kuwa humpa nafasi ya kueleza.

Jambo ninalotamani wanachama wenzangu walifuatilie zaidi ni usajili. Tunaikumbuka fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ya mwaka 2022, pale Arusha, ambapo mchezaji wetu Abdul Sopu alifunga mabao yetu yote matatu katika sare ya 3-3 dhidi ya Yanga, kabla hatujafungwa kwa penalti. Muda mfupi baadaye alihamia klabu ya Azam. Iliniuma, lakini ndivyo klabu yenye kipato kidogo inavyoishi: inalea kipaji, kinaonekana, kinaondoka. Kumlaani mchezaji anayekwenda kutafuta maisha ni kumwonea. Chenye manufaa ni kuhakikisha kwamba vijana wanaobaki wana mikataba ya maandishi yenye muda wa kutosha, ili anayewataka alazimike kukaa mezani na klabu.

Kumbukumbu nazo zina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za FIFA, shirikisho la soka duniani, zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawanywe kwa klabu zilizomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kijana aliyecheza kwetu miaka mitatu bila kusajiliwa ipasavyo anaweza kuuzwa Ulaya baadaye, nasi tukakosa ushahidi wa kudai haki yetu. Kwa hiyo, kama wewe ni mwalimu, karani au mwanafunzi anayejua kompyuta na huna fedha za kuchangia, jitolee kumsaidia katibu kupanga majalada ya timu ya vijana: tarehe za kuzaliwa, fomu za usajili, nakala za mikataba. Kwa maoni yangu, mchango huo unazidi jezi kumi.

Wanachama walio mbali na Tanga wafanye kazi kupitia matawi na walipe ada zao kwa akaunti ya klabu, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi, hata awe anaaminika namna gani. Na anayetaka kutoa vifaa amuulize kwanza kocha wa vijana kinachopungua, avikabidhi ofisini, kisha aombe stakabadhi hata kama ni mipira miwili.