Mwanangu, kabla hujanunua mashine ya kahawa

Mwanangu,

Umeuliza ununue mashine ipi ya kahawa huko ugenini: ya kapsuli (vikopo vidogo vilivyojazwa kahawa tayari) anayoisifu mwenzako, ile ndogo ya espresso (kahawa nzito, kidogo, inayosukumwa kwa shinikizo) iliyo kwenye ofa, au nikutumie iliyoko hapa nyumbani. Umesema unakunywa vikombe viwili vikubwa asubuhi, na kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili huenda ukahamia nchi nyingine. Hilo la mwisho umelitaja kwa kupitia tu, nami naona ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Tuanze na umeme. Marekani na Kanada soketi hutoa volti 120, Japani 100, na sehemu kubwa ya Ulaya, Afrika na Asia volti 220 hadi 240. Kazi kubwa ya mashine ya kahawa ni kuchemsha maji, na koili ya kuchemshia haivumilii tofauti hiyo. Ukichomeka mashine ya volti 120 kwenye soketi ya 240, koili huvuta nguvu mara nne ya ile iliyokusudiwa. Ya wati 900 inakuwa kama ya wati 3,600, na itaungua au itakata fyuzi kabla hujapata kikombe kimoja. Ya volti 240 kwenye soketi ya 120 hubaki na robo ya nguvu yake, na utaishia kusubiri maji ya vuguvugu. Adapta ya plagi haikusaidii hapo, kwa kuwa hubadilisha umbo la miguu ya plagi tu, volti zinabaki zilezile. Chaja ya simu hukubali kote kwa sababu kibandiko chake kimeandikwa 100–240. Mashine ya kahawa ni nadra kuwa hivyo. Transfoma, yaani kifaa cha kubadilisha volti, inayomudu wati 1,000 ipo, ila ni pande la chuma la kilo kadhaa. Kwa hiyo ya hapa nyumbani siitumi.

Kapsuli nazo, kwanza zinakufunga: za aina moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine ya aina nyingine, na ukihamia nchi ambako aina hiyo haiuzwi, umebaki na pambo la mezani. Pili, kapsuli ya espresso hubeba gramu 5 au 6 za kahawa. Kikombe chako cha mililita 250 kinataka kama gramu 15. Ukibonyeza kitufe cha kikombe kirefu hupati kahawa zaidi; unapata maji yaliyopita kwenye kahawa iliyokwisha kutoa kilicho chema, na yanayotoka mwishoni ni uchungu.

Hiyo espresso ya ofa usihadaike na "bar 15" zilizoandikwa kwenye boksi. Bar ni kipimo cha shinikizo, na huo ni uwezo wa pampu. Espresso yenyewe hupikwa kwa bar 9 hivi. Mashine za bei ya chini mara nyingi huja na kikapu (kichujio cha kutilia unga) chenye kuta mbili na tundu moja dogo, linalotengeneza povu hata kahawa iwe imesagwa hovyo. Povu hilo linapendeza macho tu. Ili upate espresso ya kweli, gramu 18 za unga zitoe gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30, unahitaji kinu kizuri ambacho bei yake yaweza kuizidi ya mashine.

Ushauri wangu ni huu: usinunue mashine kabisa. Nunua koni ya kuchujia ya plastiki, karatasi zake, mizani ndogo inayosoma gramu, na kinu cha mkono. Birika la umeme linunue hukohuko na uliache hukohuko siku ya kuhama. Vingine vyote vinaenea kwenye begi na havijali volti. Plastiki naipendelea kuliko kauri, kwani haivunjiki safarini wala hainyonyi joto la maji. Chagua koni ya karatasi za ukubwa namba 4, ambazo hupatikana kwa urahisi katika nchi nyingi. Usione ni kitu duni: Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, alianza mwaka 1908 na kopo la shaba alilolitoboa kwa msumari na karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe.

Fedha iliyookolewa itie kwenye kinu. Kinachokata kwa visu kama blenda hutoa vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja, na vumbi hutoa uchungu huku vipande vikitoa ukali wa uchachu, vyote ndani ya kikombe kimoja. Tafuta chenye meno ya chuma yanayorekebishwa kwa hatua.

Kwa vikombe vyako viwili, pima gramu 30 za kahawa na mililita 500 za maji. Saga iwe kama mchanga wa kawaida. Suuza karatasi kwa maji ya moto, umwage. Maji yakichemka subiri nusu dakika. Mimina mililita 60 kwanza, uloweshe unga wote, uache sekunde 40. Unga ukivimba na kutoa mapovu, hewa ya ukaa inatoka, na isipotoka itayazuia maji kupenya. Kisha mimina yaliyobaki kwa awamu tatu. Yote yawe yameshuka baina ya dakika 3 na 4. Yakiisha kwa dakika 2 na ladha ni chachu, saga laini zaidi. Yakifika dakika 5 na ladha ni chungu, legeza kinu ili isagike chenga zaidi. Badilisha kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichokuponza.

Iwapo unapenda kahawa nzito, mdila wa moka, ule wa kuweka jikoni ambao mvuke husukuma maji kupita kwenye kahawa, unafaa, lakini hukuniambia jiko lako ni la aina gani. Ule wa aluminiamu haufanyi kazi kwenye jiko la induksheni, linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku. Kama lako ni hilo, bandika sumaku kitakoni, isiponata usinunue. Jaza maji ya moto yaishie chini ya vali ya usalama, jaza kikapu bila kushindilia, moto mdogo, na uondoe mara tu unapoanza kukoroma. Ukiuacha ukorome, mvuke huunguza kahawa. Na "vikombe 3" vyake ni mililita 150 kwa jumla, tena haupiki vizuri ukijazwa nusu. Presi ya kioo, jagi lenye chujio la kusukuma chini, ni rahisi zaidi, dakika 4 tu, lakini kioo hakipendi mabegi, na kahawa isiyopita kwenye karatasi hubaki na mafuta yanayopandisha kolesteroli kwa anayekunywa kila siku.

Jambo ambalo hukuliuliza: tazama ndani ya birika baada ya wiki mbili. Ukiona ukoko mweupe, maji yenu yana chokaa nyingi. Chokaa hiyo huifanya kahawa ipooze ladha, isiwe na uchangamfu, na hapo hutatibu kwa kinu wala kwa buni ghali. Nunua jagi lenye kichujio. Ukoko wenyewe utoe kwa asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu: gramu 20 kwa lita moja ya maji, pasha, acha nusu saa, kisha chemsha maji matupu mara mbili na umwage.

Niambie jiko lako ni la gesi au la namna gani, na kinu ulichopata kina hatua ngapi. Nitakwambia pa kuanzia.

Mama yako