Kipimo cha homoni kwenye maji ya kisima: jibu kwa mama wa Nyalenda

Mama, umeuliza kama kuna kipimo cha dukani kitakachoonyesha homoni za vidonge vya kupanga uzazi kwenye maji ya kisima cha ploti, kwa kuwa binti yako wa miaka 9 ameanza kuota matiti. Kipimo hicho hakipo. Na kuhusu binti, wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa hiyo hajatoka njiani. Ukibaki na wasiwasi, mpeleke kwa daktari. Damu yake itasema mengi kuliko maji.

Mimi kazi yangu ni kuchota sampuli za maji, zamani upande wa Nakuru, sasa hapa Kisumu, na swali hili la homoni naulizwa sana. Shida ni udogo wa kiasi chenyewe. Homoni hizi hupimwa kwa nanogramu. Nanogramu 1 kwa lita ni sawa na gramu moja ndani ya lita bilioni moja, yaani malori 100,000 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Umoja wa Ulaya ulipoiweka estradioli, mojawapo ya homoni za kike ziitwazo estrojeni, kwenye orodha yake ya vitu vya kufuatiliwa katika maji ya kunywa mwaka 2022, kiwango kilikuwa hicho hicho, nanogramu 1. Ili kuifikia, maabara hupitisha maji mengi kwenye katriji inayonasa homoni, kisha huzipeleka kwenye mashine inayotenganisha na kutambua kemikali (kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi). Karatasi ya kuchovya haiwezi kazi hiyo.

Aliyekushauri uchovye kipimo cha mimba amekupotosha. Kile kinatafuta hCG, homoni ya mimba inayotoka kwenye kondo la nyuma. Vidonge vya kupanga uzazi havina hCG, kwa hiyo kingekuonyesha mstari mmoja hata ukimwaga pakiti nzima kisimani.

Jihadhari pia na vijana wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuza machujio. Wanachovya vyuma viwili vya umeme kwenye maji yako, yanageuka kahawia, wanasema huo ndio uchafu. Ile ni kutu ya chuma chao wenyewe, kinayeyuka umeme ukipita. Maji yao yaliyochujwa, wanayoyachovya vivyo hivyo, yamebaki meupe kwa sababu yameondolewa chumvi na umeme haupiti vizuri. Tia chumvi kidogo kwenye glasi yao uwaambie warudie. Ile kalamu ya kusoma TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) nayo husoma chumvi zilizoyeyuka tu. Homoni haizioni, bakteria haiwaoni.

Sasa jiulize homoni zingefikaje kisimani. Nyingi hazitoki kwenye vidonge. Zinatoka kwenye mkojo wa watu, hasa wajawazito, na wa ng'ombe. Kwa ploti za Nyalenda, njia yake ni choo cha shimo. Maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi, na mvua za masika zikikolea, shimo na kisima vinakaribia kuwa kitu kimoja. Watafiti wameshapima mabaki ya dawa, zikiwemo za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, kwenye maji ya Nairobi na Kisumu. Kwa hiyo usiitafute homoni yenyewe, tafuta choo. Pima E. coli, bakteria wa kinyesi, ambayo haitakiwi hata moja kwenye mililita 100, na naitreti, chumvi inayotokana pia na kinyesi na mkojo, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) linaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Vyote viwili vikiwa juu, kuna uwezekano mkubwa choo kimefika, na kilichomo chooni kina njia ya kuja pia. Tena hivyo viwili ndivyo vinavyoumiza watu mapema: kuhara, na kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya chupa, naitreti huizuia damu kubeba oksijeni.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Naitreti hakuigusi, tena maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Klorini huua bakteria wengi na huvunja sehemu ya estrojeni. Mkaa amilifu, ule wa kwenye machujio, hunasa estrojeni vizuri, lakini naitreti inapita.

Ukiamua kupima, usilete maji kwenye chupa ya soda. Nimeshapokea sampuli inayonuka chungwa. Chukua chupa iliyotakaswa maabarani, chota maji asubuhi, iweke kwenye kisanduku chenye barafu, ifike siku hiyo hiyo. Pima baada ya mvua kubwa, si wakati wa kiangazi, maana kiangazi hukupa jibu zuri la uongo.

Kabla hujatoa pesa, niambie: choo kilicho karibu kiko mita ngapi kutoka kisimani, na je, kiko upande wa juu? Usiangalie chako tu. Hesabu na cha jirani nyuma ya ukuta.