Asidi ya sitriki au EDTA? Jaribio liamuliwe kwenye ncha ya mzizi

SWALI: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno. Nataka kulinganisha asidi ya sitriki 10% na EDTA 17% (kemikali inayonasa kalsiamu ya jino) katika kuosha mfereji wa mzizi. Nitatumia meno yaliyong'olewa: nitayaosha, nitayapasua, kisha nitayatazama kwa hadubini ya elektroni. Kuna la kurekebisha?

JIBU: Marahaba. Lipo, nalo ni kubwa: hujataja kuziba ncha ya mzizi. Mdomoni jino limezungukwa na mfupa, kwa hiyo hewa hunasa kwenye ncha ya mfereji na kuzuia dawa isifike. Ukiacha ncha wazi, dawa itapita moja kwa moja kama maji kwenye bomba, na matokeo yatapendeza kuliko hali halisi ya mgonjwa. Ziba kwa nta au gundi ya moto kabla hujaanza.

Sindano, kiasi na muda viwe sawa kwa makundi yote, kwa mfano mililita 5 kwa dakika 1, kwa sindano nyembamba ya geji 30 inayoishia milimita 1 kabla ya mwisho wa mfereji. Ongeza kundi la maji ya chumvi 0.9%. Bila hilo hutajua ni asidi iliyosafisha au ni msukumo wa maji tu. Asidi iwe ya maabara, si unga wa ndimu wa dukani.

Sasa usalama, na hapa nakusihi. Haipokloraiti ya sodiamu, dawa ya kuua bakteria inayotumika pia kuosha mfereji, ikikutana na asidi ya sitriki hutoa gesi ya klorini. EDTA nayo huimaliza klorini inayofanya kazi, haipokloraiti ikabaki dhaifu. Kati ya dawa moja na nyingine suuza kwa maji mengi, kausha kwa pointi za karatasi (vijiti vyembamba vya kufyonza maji mferejini).

Usipime usafi peke yake. Tunachotaka kiondoke ni ule unga wa dentini (sehemu ngumu inayouzunguka mfereji) uliochanganyika na mabaki ya tishu na bakteria, ambao faili, kifaa cha kukwangulia mfereji, huusiliba kwenye kuta. Lakini asidi haijui pa kuishia. Mwaka 2002 Çalt na Serper walionyesha kuwa EDTA ya dakika 1 ilitosha kuuondoa, ilhali ya dakika 10 ilimomonyoa dentini yenyewe. Basi weka alama mbili kwa kila picha: ya uchafu uliobaki, na ya mmomonyoko wa vitundu vidogo vya dentini.

Unapopasua, kata mfuo kwa diski pande zote mbili za mzizi bila kuugusa mfereji, kisha tenganisha kwa patasi. Diski ikitoboa ndani itamwaga unga mpya, nawe utauhesabu kuwa ni kosa la dawa.

Picha zisomwe na watu wawili wasiojua jino limetoka kundi gani. Usichanganye alama za mzizi mzima kuwa wastani mmoja: theluthi ya juu husafishika kirahisi, na itakuficha yaliyotokea kwenye ncha.