Kurekebisha komenti tu kwenye laibrari ya kuchambua URL, inafaa au unajisumbua?

Mkuu umeuliza kama ukituma marekebisho ya komenti peke yake (yale maelezo ya kusomwa na watu ndani ya kodi, yaani maandishi ya programu) kwenye laibrari ya kuchambua URL, anwani za wavuti, wenye laibrari watakuona unatafuta sifa, na umetoa mfano wa ile iliyoandikwa "poti isipotajwa ni 80" wakati linki ya https inatumia 443 (poti ni namba ya mlango wa kuingilia kwenye sava). Tuma tu. Ila usikimbilie kufuta 80 ukaweka 443, endesha kwanza hiyo fanksheni uone inarudisha nini, maana urlsplit, fanksheni ya Python ya kukata URL vipande, kwa mfano poti isipoandikwa haikupi 80 wala 443, inakupa None, yaani hakuna kitu, basi. Kama na yako iko hivyo utakuwa umetoa uongo mmoja umeweka mwingine.

Mimi haya mambo nimekutana nayo ofisini huku Kijitonyama, tulikuwa na mfumo unaopokea linki za maduka ya wateja, na laibrari tuliyokuwa tunatumia ilikuwa na komenti inasema "domeini kuu ni vipande viwili vya mwisho vya hosti". Hosti ni lile jina la sava kwenye linki. Kwa mtu wa .com iko poa. Sasa chukua dukalangu.co.tz, vipande viwili vya mwisho ni co.tz, yaani nusu ya nchi! Na kumbe kodi yenyewe ilisharekebishwa kitambo, ilikuwa inaangalia Public Suffix List ile iliyoanzishwa na Mozilla, orodha ya miisho kama .com na .co.tz ambayo watu wanasajili majina chini yake, komenti ndo ikabaki ya zamani. Kibao cha daladala kimeandikwa Mbagala gari linaenda Tegeta. Dogo mmoja wa timu akaisoma komenti, akaiamini, akaandika njia yake ya mkato sehemu nyingine bila kuita ile fanksheni, orodha yetu ya domeini zinazoruhusiwa ikawa inakubali kila mwenye .co.tz. Tulishtukia kwenye majaribio, ashukuriwe Mungu.

Kwa hiyo swali la kwanza sio "komenti imekosewa wapi", ni nani kati ya komenti na kodi anasema kweli. Kuna siku nilikuta komenti inasema herufi kubwa zinashushwa kuwa ndogo kwenye skimu (ile http au https ya mwanzo) na hosti tu, ukiangalia kodi inashusha URL nzima mpaka njia, ile sehemu inayofuata baada ya hosti. Mtu mvivu angebadilisha komenti ifanane na kodi amalize, lakini hapo komenti ndo ilikuwa sahihi, RFC 3986 ya Januari 2005, waraka wa kanuni za URL, iko wazi kwamba skimu na hosti hazijali ukubwa wa herufi, njia inajali, /Picha na /picha zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Hiyo ni bagi, kosa la programu, inafunguliwa kama bagi, komenti unaiacha ilivyo.

Nyingine inayosumbua sana ni alama ya +. Utakuta imeandikwa juu ya fanksheni ya njia "+ inageuzwa kuwa nafasi", hapana, hiyo ni desturi ya data za fomu, yale mambo yanayokuja baada ya alama ya kuuliza. Kwenye njia + ni + tu. Na sisi huku inatuuma kwenye namba za simu, mtu anatuma ?simu=+255 na kuendelea, sava inapokea nafasi halafu 255, namba haipatikani kwenye mfumo, mteja anapiga simu analalamika. Inatakiwa iandikwe %2B255, hiyo %2B ndo + ikiandikwa kwa msimbo. Mstari mmoja wa komenti ungeokoa mchana mzima wa watu.

Halafu ukiona komenti inataja RFC 1738 usibadilishe namba tu ujione umemaliza. Ile ni ya 1994, humo alama ya ~ ilihesabiwa kuwa sio salama inatakiwa iwe %7E, kwenye 3986 inaachwa kama ilivyo. Soma kifungu chenyewe, ni maandishi matupu, bando la jero linatosha. Angalia pia kama laibrari inafuata RFC au ile standadi ya WHATWG ya mabrauza, maana hazikubaliani kila mahali, mfano \ kwenye linki ya http brauza inaichukulia kama / kabisa.

Kwenye kutuma, piga git blame (amri inayoonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini) kwanza ujue ule mstari uliingia lini na kwa sababu gani, mara nyingi jibu liko hapo hapo. Usichanganye kurekebisha spelingi na kurekebisha maana, anayekagua atachoka. Weka mfano unaoendeshwa, kama ni Python doctest inausoma mfano wa kwenye maelezo na kuujaribu, siku kodi ikibadilika testi inapiga kelele yenyewe. Mimi niliulizwa "onyesha inapokosea", nikaweka mistari miwili, ikaingia. Wakikaa kimya kumbusha mara moja kwa upole halafu endelea na mambo yako, hizi laibrari nyingi anazishika mtu mmoja usiku akitoka kazini.