Barua kwa mwanangu: kipaji au nafasi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umesema kocha wako wa chuo amekupa wachezaji wa kuwachambua kabla ya drafti ya NFL, ule uteuzi ambao klabu za ligi ya futiboli ya Marekani huchagua kwa zamu wachezaji wa vyuo, kisha ukauliza: anayefika mbali, hubebwa na kipaji au nafasi? Mimi nitaanza na jambo la jirani, nalo ni nani huvumiliwa akikosea. Namba ya uteuzi ni idadi ya makosa utakayosamehewa. Niliwaambia hivyo baba yako na mjomba wako Krismasi ile ya ubishi, na bado nashikilia hapo.

Wa raundi ya kwanza ana mkataba wa miaka minne, na klabu ina hiari ya kuongeza wa tano. Meneja aliyemchagua analinda pia jina lake mwenyewe. Kwa hiyo kijana akipoteza mpira mara tatu, Jumapili ijayo anaanza tena. Yule asiyeteuliwa na yeyote akiteleza mazoezini Jumanne, Jumatano kabati lake tupu.

Ndiyo maana habari ya Kurt Warner, kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, hainitoki moyoni. Chuoni Northern Iowa alikaa benchi mpaka mwaka wa mwisho. Mwaka 1994 hakuteuliwa. Green Bay Packers wakamwita kambini, wakamwacha, akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la Hy-Vee. Akacheza mpira wa ukumbini na Iowa Barnstormers, halafu na timu ya Amsterdam, Ulaya, mwaka 1998. Agosti 1999 goti la Trent Green, kwotabeki wa kwanza wa St. Louis Rams, likaumia katika mechi ya maandalizi, Rams wakamgeukia Warner. Msimu huo alirusha pasi 41 za tachidauni, yaani za bao, akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Kinachoniuma ni wenzake wangapi waliishia kwenye rafu kwa kuwa hakuna aliyeumia goti mbele yao.

Najua baba yako angenikatiza hapa: ule uwanja wa ukumbini wa yadi 50 ndio uliomzoesha kuachia mpira haraka. Ni kweli, na hilo linanipa tabu. Kwotabeki Ryan Leaf naye aliteuliwa wa pili mwaka 1998, nyuma tu ya Peyton Manning, na kwotabeki mwingine, JaMarcus Russell, wa kwanza kabisa mwaka 2007. Nafasi walipewa tele, lakini haikuwafikisha popote. Na Mkenya mwenzetu Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga, Indianapolis Colts wakampa mkataba 2013 na Desemba hiyo akaingia uwanjani. Mwili alikuwa nao, mlango ulifunguliwa. Alichokosa ni ile miaka ya utotoni ambayo wenzake walijifunza kusoma mchezo. Je, hiyo nayo tuiite nafasi? Mimi naiita hivyo.

Sasa kazi yako. Mbio za yadi 40 wanazopimwa nazo vijana kabla ya drafti zisikulevye. Muda wa saa ya mkononi hutoka mzuri kuliko wa mitambo kwa sababu kidole huchelewa kubonyeza mwanzo, basi usiuweke safu moja na ule wa majaribio ya NFL kule Indianapolis. Kwa watu wa safu ya mbele tazama yadi 10 za kwanza. Mechini ni nadra wakimbie 40. Jaribio la kuinua chuma cha pauni 225 ukiwa umelala chali linampendelea mwenye mikono mifupi, ilhali uwanjani mikono mirefu ndiyo humweka mpinzani mbali.

Mpokeaji wa pasi mtazame mechi tano nzima, siyo vipande vya mabao yake. Moja iwe dhidi ya beki bora aliyekutana naye, nyingine iwe waliyofungwa. Tumia picha ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, uandike anavyomwacha beki katika hatua tatu za kwanza, hata mpira ukienda kwingine. Hapo ndipo wengi hukosea: wanahesabu pasi alizodaka, kumbe kwotabeki wake hakuwa akimtazama.

Unataka nichague, na ulimi unaniwasha kusema nafasi. Nikimkumbuka Leaf naurudisha. Basi kwa leo sitatoa hukumu, ingawa unajua ninakoegemea. Kabla hujaikabidhi ripoti nitumie, na ukurasa wa kwanza nione alirushiwa na nani, alikuwa wa ngapi kwenye foleni ya wanaocheza nafasi yake, na kama kocha alimwacha uwanjani baada ya kukosea.

Mama yako