Dusty in Memphis: sauti ilirekodiwa New York

Jina la albamu Dusty in Memphis linaweza kukufanya udhani mwimbaji Dusty Springfield aliirekodi sauti yake Memphis, mji wa Marekani. Hapana, sauti tunayoisikia haikurekodiwa huko. Bendi ndiyo iliyorekodi kule, American Sound Studio, Septemba 1968. Dusty Springfield akaingiza sauti za mwisho New York, na albamu ikatoka 1969. Jerry Wexler, mmoja wa maprodyuza wake watatu, alilieleza hilo mwenyewe.

Ila vyombo vya Memphis ni vya kweli kabisa, na albamu haichuji kwa sababu Dusty hashindani navyo: anaimba chini, karibu na maiki, mpaka pumzi inasikika. Wanakwaya wa hapa Dodoma wanaopaza sauti tangu ubeti wa kwanza wausikilize wimbo wa kwanza kwa hedifoni. Spika ya simu inameza besi yote.